Tyubu Tano za Mwisho

Hakuna kitu kwenye kazi ya umeme kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote, awe na diploma, awe na digrii. Nimefunga taa kuanzia Tura mpaka Urambo. Nimekuta nyoka amejikunja ndani ya boksi la mita. Nimekuta nyumba ya tajiri imefungwa waya za spika. Nimekuta msumari umekaa mahali pa fyuzi na taa zinawaka mwaka wa sita, mwenye nyumba anasifu fundi wake. Mimi Saidi Maganga, darasa la nne, mtoto wa mama muuza mayai ya kuchemsha stesheni ya Tura, nimejenga nyumba tatu Tabora mjini kwa bisibisi na praizi. Duka langu la vifaa vya umeme mnalijua.

Sasa nimeacha kupanda ngazi. Nina miaka hamsini na mbili, magoti mazima, macho mazima, lakini mkanda wangu wa kazi nimeutundika nyuma ya mlango wa stoo na hautashuka. Watu huniuliza sababu. Huuliza pia kwa nini mtu akinunua tyubu kwangu nampa kalamu ya wino usiofutika bure. Wanadhani ni ujanja wa biashara. Nitawaambia ninyi vijana, kwa sababu ndio mnaokuja kununua, na naona mnavyonunua.

Mnanunua vibaya.

Zamani tyubu ilikuwa tyubu. Futi nne au futi mbili, basi. Ndani ya fremu kuna choki, lile chuma zito kama tofali, na stata, kile kidude cheupe kama kizibo. Taa ikikataa unabadilisha stata. Ikikataa tena, tyubu. Ikikataa tena, choki. Mtu wa darasa la nne alitosha kabisa.

Ikaja LED. Kwa sura ni ndugu wa ile ya zamani: urefu ule ule, pini mbili kila ncha, inaingia kwenye holda ile ile. Ndani ni watu tofauti. Kuna inayokubali kuishi na choki ya zamani, ilimradi uondoe stata uweke ile stata bandia inayokuja kwenye boksi lake. Kuna isiyoitaka choki, hiyo choki unaing'oa na kuupeleka umeme moja kwa moja kwenye holda. Na hizi zisizotaka choki nazo ni mbili. Ya kwanza inakula umeme upande mmoja, moto, yaani waya unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha, ncha hiyo hiyo, ncha ya pili kazi yake ni kushikilia tu. Ya pili inakula pande zote mbili, moto ncha hii, nyutro ncha ile. Ukizilaza mezani huzitofautishi. Kinachozitofautisha ni kamchoro karibu na pini, kadogo kuliko ukucha wa mtoto. Kijana anayenunua bila kukatazama kamchoro hako, mimi simuuzii. Namwambia akanunue karanga.

Mengine ni haya. Usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi. Iwashe, ishike baada ya dakika kumi, ikiwa ya moto kama chapati hiyo haitamaliza masika. Ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari inatembea kwenye kioo, taa inapepesa hata kama jicho halioni, na mtu atakayeshona chini yake atarudi nyumbani na kichwa kinagonga. Ukipeleka kazi vijijini, Lusu au Choma huko, ambako mashine ya kusaga ikiwashwa umeme unachechemea, tafuta inayovumilia umeme mdogo. Na weka mkono wako chini ya taa kabla hujalipa. Ngozi ikionekana kama ya maiti, rudisha. Kwa mafundi cherehani nenda na uzi mweusi na uzi wa bluu iliyokolea. Taa isiyoweza kuzitenganisha nyuzi hizo mbili haifai kitu.

Hayo yote alinifundisha Mzee Chedego.

Mzee Chedego alikuwa Mgogo. Alikuja Tabora kwa treni akiwa kijana, akaoa, akasahau kurudi. Fundi wa kwanza niliyemwona akisoma mchoro wa umeme kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nauza mayai pale Tura, treni imeharibika, yeye kashuka kunyoosha miguu. Nikamuuzia mayai manne, kumbe mawili yameoza. Akayavunja mbele yangu, akanusa, akaniuliza, "We kabila gani?"

"Mnyamwezi, shikamoo."

"Shikamoo inakuja baada ya mayai? Marahaba. Nilijua tu. Mtani wangu. Mtu mwingine angeniuzia moja bovu, Mnyamwezi kaniuzia mawili."

Mnajua sisi na Wagogo ni watani. Imeanza enzi za misafara, wazee wetu walipokatiza kwao na pembe mabegani wakielekea pwani, wakalipishwa kila mtungi wa maji. Mpaka leo Mgogo akikupa maji anakukumbusha deni. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua kofia yako, unacheka. Hata msibani, wakati wengine wanalia, mtani anaigiza marehemu, anajilaza kaburini, anadai hela, na wafiwa wanacheka na machozi yao. Ndiyo kazi yake. Basi tangu siku ya mayai yale tukawa hivyo, mimi na mzee, miaka thelathini na zaidi. Sikumbuki aliwahi kuniambia jambo lolote bila kulifungia kwenye tusi. Kunisifia ilikuwa tusi. Kunionya ilikuwa tusi.

Mwaka wa kwanza wa kujifunza kazi kwake hapa Tabora alinituma stesheni kuchukua katoni ya tyubu ishirini na tano. Akaniambia nikodi baiskeli. Mimi nikasema baiskeli ya nini, babu zangu wamebeba pembe mpaka baharini, nitashindwa katoni? Nikaiweka begani nikitembea kwa mwendo wa majivuno. Karibu na soko nikageuka kumtazama msichana mmoja, katoni ikagonga nguzo. Nilipofika mzee alifungua, akamimina vioo chini kama anamimina mchele.

"Babu yako alifika Bagamoyo," akasema. "Wewe umeshindwa kufika sokoni."

Alinikata mshahara mwezi mzima, na hilo tusi alilisimulia kwenye harusi yangu.

Kulikuwa na tabia moja ya mzee ambayo sikuifuata. Kila taa aliyoifunga aliandika ndani ya fremu. Zamani kwa penseli, baadaye kwa kalamu nene ya wino usiofutika. Choki imetolewa. Moto upande huu. Tarehe. Nilimuuliza anamwandikia nani, kwa kuwa kazi hiyo anaijua mwenyewe. Akasema, "Atakayepanda baada yangu." Nikamwambia atakayepanda baada yako ni mimi, na mimi nakumbuka kila kitu. Na kweli nilikuwa nakumbuka. Ningeweza kukwambia nyumba ya nani ina waya wa rangi gani ukutani, tangu mwaka nilipoanza kazi. Watu walinishangaa. Nilijivunia hilo kuliko nyumba zangu tatu.

Ila sasa niseme na lililo chini yake, maana nimeahidi kusema. Mwandiko wangu mbaya. Herufi zangu zinalala, nachanganya l na r, na niliona aibu mtu mwingine apande na kusoma. Mzee aliandika kama karani. Mimi nikaifanya aibu yangu kuwa sifa: Saidi haandiki, Saidi yote yapo kichwani.

Kulikuwa na ukumbi wa akina mama wa kushona hapa mjini, vyerehani ishirini hivi, wanashona sare za shule. Mke wa mzee, Mama Neema, alikuwa mmojawapo. Taa zao zilikuwa tyubu za zamani kumi na nne, nusu zinapepesa, choki zinalia kama nyuki. Nikawaambia tuweke LED. Kwangu zilikuwa bado hazijaingia, nikaleta kumi kutoka duka moja, zile zinazokula umeme upande mmoja. Tisa nikafunga kuanzia mbele, moja nikaiacha kabatini kwao kama akiba, maana fundi mzuri huacha akiba. Zikabaki fremu tano za nyuma. Duka lile likawa limeishiwa. Nikanunua tano duka lingine, na hizi zikawa zile za pande mbili. Nikatazama mchoro, nikafunga waya inavyotakiwa, moto upande wa dirisha, nyutro upande wa mlango. Zikawaka zote kumi na nne. Ukumbi ukawa mweupe mpaka akina mama wakapiga vigelegele. Kazi ilikuwa safi. Hata leo nasema ilikuwa safi.

Mzee Chedego akapita kunikagua. Alikuwa ameshastaafu lakini kunikagua hakustaafu.

"Mwangaluka," akanisalimia Kinyamwezi, akikivunja makusudi. Akatazama juu. "Zinawaka. Sikutegemea. Umeandika wapi?"

Nikajigonga paji la uso. "Hapa."

"Hapo?" Akawageukia akina mama. "Jamani, kichwa cha Mnyamwezi ni cha kubebea mizigo. Ndani hakuna rafu."

Wakacheka. Mama Neema alicheka mpaka akasimamisha cherehani.

"Nunua kalamu," mzee akasema. "Elfu moja na mia tano. Ziko kwenye kopo dukani kwako, nimeziona, una ubahili wa kujiuzia mwenyewe. Siku moja utamuua mtu wewe."

Nikamjibu papo hapo, maana mtani hajibiwi kesho. "Nikimuua Mgogo si vibaya mzee. Nyama ya msibani itatosha wote."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Yeye mwenyewe alishika tumbo akicheka. Na mimi nikaondoka pale na onyo lake nimelicheka na nimelisahau. Mtu mwingine angeniambia maneno yale yale, mgeni, mkaguzi, hata mke wangu, ningekasirika, halafu kwa hasira ningeenda kuandika. Yeye aliniambia kama mtani, nami nikampokea kama mtani.

Miezi mingi baadaye nilikuwa Nzega na kazi kubwa. Asubuhi moja ya mvua simu ikalia, mwenyekiti wa wale akina mama. Taa moja ya nyuma imekufa, anga limefunga, wana sare za kumaliza siku hiyo. Nikamwambia asihangaike, akiba ipo kabatini, mwiteni mzee, ni kazi ya dakika mbili. Nusu saa baadaye mzee akapiga mwenyewe.

"Mtani, taa zako zimeandikwa wapi?"

"Kichwani, mzee."

"Basi fungua hicho kichwa unisomee."

"Moto na nyutro viko upande wa mlango. Upande wa dirisha hakuna kitu."

"Zote?"

Nilikuwa nimesimama juu ya paa la watu, waya mdomoni, vijana wangu wananitazama. Sikufikiri hata kidogo.

"Zote, mzee."

"Haya. Mungu akusaidie na kichwa hicho."

Alitoa tyubu iliyokufa akaweka ile ya akiba, ya upande mmoja, ndani ya fremu ya pande mbili. Haikuwaka. Isingeweza kuwaka. Swichi ile moja ilikuwa inawasha safu nzima ya nyuma, na akina mama walikuwa wanashona chini yake kwa haraka, kwa hiyo hakutaka kuwazimia tena. Akadhani ncha ya dirishani haijashikwa vizuri, tyubu inalegea mpaka pini za mlangoni hazigusi. Akaichomoa ncha hiyo, akaingiza kidole kunyoosha ulimi wa shaba wa holda, mkono wa pili kashika fremu. Upande ambao mimi nilisema hauna kitu. Tesita, ile bisibisi ya kupimia umeme, ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Hakuitoa. Alikuwa na neno langu.

Ngazi ilishikwa na Mama Neema.

Umeme haukumuua. Ulimrusha, akaangukia kona ya meza ya kukatia vitambaa, akavunjika nyonga. Nilifika hospitali mchana na matope ya Nzega mpaka magotini. Alikuwa amelala, kidole kimefungwa. Wanaume wengine wawili walikuwa pale, majirani zake. Akanigeukia.

"Mtani," akasema polepole. "Tano za mwisho, siyo?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Yalikuja yote kwa pamoja, duka la pili, boksi la njano, kamchoro kale. Jirani mmoja akauliza, "Ilikuwaje mzee?" Na yeye, bila kuniondolea macho, akasema, "Niliteleza. Ngazi za Wanyamwezi hazina adabu."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka ukumbini. Nikazima breka, nikapanda, nikafungua fremu zote kumi na nne, nikaandika kila moja kwa mwandiko wangu uliolala. Akina mama walinitazama kutoka chini. Mmoja akasema tu, "Umekosea, Saidi, inaandikwa *mlango*, si *mrango*." Nikarekebisha. Ilikuwa aibu ndogo sana, vijana. Ndogo kuliko kuumwa na siafu. Hiyo ndiyo niliyokuwa naikimbia miaka yote.

Nilimtembelea kila siku. Nilitaka kusema mbele ya mke wake na watoto wake: ni mimi. Kila nilipofungua mdomo mzee alinikatiza kwa tusi. Siku moja tukiwa wawili nikamwambia, mzee, acha niwaambie. Akatikisa kichwa. "Ukisema nani atakupa kazi? Una vijana tisa wanakula kwako. Mimi nyonga yangu hairudi kwa maneno." Kisha akaona anakaribia kuwa mpole, akaongeza, "Halafu watajua nilifundisha mtu mjinga. Nichafuke na mimi?"

Hakuinuka tena kitandani. Kifua kikamshika, na mwezi wa tatu wa kulala akafariki.

Msibani kwake nilikuwa mtani mkuu. Nani mwingine? Siku ya mazishi nilijificha kwenye shughuli za maturubai na kuni. Siku ya kuanua matanga hapakuwa na pa kujificha. Wakaniletea kofia yake na tesita yake. Nikavaa. Nikatembea anavyotembea, mikono nyuma, nikakagua taa ya barazani kwao, nikasema kwa sauti yake, "Inawaka. Sikutegemea." Watu wakacheka, watoto wake wakacheka na kulia. Mpaka hapo niliweza.

Ndipo kaka mmoja wa ukoo akaburuta ngazi kutoka uani. "Panda, mtani! Tuonyeshe mzee alivyoanguka!"

Utani unaruhusu. Wakaanza kupiga makofi, panda, panda. Nikaweka mguu kwenye daraja la kwanza. Mguu wa pili ukakataa.

"Hakuteleza," nikasema.

"Ehee, sema mtani!"

"Aliniuliza kwa simu moto uko wapi. Nikamwambia uongo. Aliyemwangusha ni mimi."

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. "Muuaji huyo! Mkamateni Mnyamwezi!" Mzee mmoja akanirushia kandambili. Nikasema tena, nasema kweli jamani, nilisahau tano za mwisho, nilimuua mimi. Walicheka zaidi, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na hakuna mtani aliyewahi kuigiza vizuri namna ile. Nilisimama pale na kofia ya marehemu, nasema ukweli wangu wote kwa sauti kubwa mchana kweupe, na hakuna aliyenisikia.

Mmoja tu hakucheka. Mama Neema alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha. Akanyanyua mkono, watu wakanyamaza kumsikiliza mjane.

"Mtani amekiri," akasema. "Alipe faini."

"Alipe! Ng'ombe! Ng'ombe wawili!"

Kwenye mfuko wa koti nilikuwa na bahasha, milioni mbili, niliyokusudia kumpa tukiwa peke yetu. Nikaitoa, nikapiga magoti, nikamwekea mapajani. Hakuifungua. Aliirudisha mikononi mwangu.

"Hiyo nyingi," akasema. "Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, Saidi. Nilishika ngazi, nikasikia *zote*."

Watu wa nyuma waliendelea kutaja ng'ombe.

"Basi ni kiasi gani, mama?"

"Bei ya kalamu."

Wakacheka tena, bila kujua wanacheka nini. Nikapekua mfuko wa suruali, nikatoa noti moja na sarafu moja. Akazitazama, akazifunga kwenye pindo la khanga yake, mafundo mawili, akalivuta kwa meno likakaza.

Shilingi elfu moja na mia tano.